Sukari ya Tripanosoma: Historia ya Kuona na Kupima Umetaboli wa Kimelea cha Malale

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia ambayo kwayo seli hai hupokea chakula, hukivunja ili kupata nguvu, hujenga mwili wake kwa vipande vyake, na kutoa nje mabaki isiyoyahitaji. Kwa muda mrefu katika historia ya sayansi mambo hayo yalipimwa bila kuonekana. Mtaalamu wa biokemia aliziponda seli kwa mamilioni, akapima katika uji wake kiasi cha sukari kilichopungua na kiasi cha asidi kilichoongezeka, lakini hakujua ni mahali gani ndani ya seli mabadiliko hayo yalipotendeka. Na mwenzake wa hadubini, aliyeiona seli nzima kwa umbo lake, hakuweza kusema kila sehemu ya umbo hilo ina kazi gani. Historia ya kuunganisha njia hizo mbili inaweza kusimuliwa kwa kufuata viumbe vingi, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki na nchi za Maziwa Makuu hakuna kiumbe kinachofaa zaidi kuliko tripanosoma, kimelea cha seli moja kinachosababisha malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, kwa sababu kilichukuliwa kutoka katika damu ya watu na wanyama wa eneo hili, na baadhi ya hatua kubwa za kukielewa zilipigwa hapahapa.

Mtaa wa Mutanga Sud, ulio kwenye miinuko ya Bujumbura karibu na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, unatazamana na Imbo, yaani ukanda wa chini unaofuata mto Rusizi na ufuo wa Ziwa Tanganyika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati mji huo ulipoitwa Usumbura na kuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, ukanda huo ulihesabiwa miongoni mwa maeneo ya malale ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sababu yake ilikuwa ya kimazingira. Aina ya mbung'o wanaoishi kando ya maji hupenda kivuli cha vichaka vya ufukweni, na vichaka hivyo ndivyo vilivyozunguka mahali pa kuteka maji, pa kufulia, pa kuegesha mitumbwi na pa kuanikia dagaa, hata mtu asingeweza kuishi kwa ziwa bila kuumwa na inzi huyo.

Hofu ya serikali ya Kijerumani ilitokana na yaliyotokea Uganda. Tangu mwaka 1900 hivi, malale yaliwaangamiza watu wa Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Viktoria, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miongo miwili iliyofuata. Mwishoni mwa mwaka 1902, daktari Mwitaliano Aldo Castellani, akifanya kazi Entebbe, aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameonyesha huko Zululand kwamba nagana ya ng'ombe huletwa na kimelea cha jamaa hiyo, alifika Uganda na kuunganisha ugonjwa huo na mbung'o. Mwaka 1906 Robert Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoongeza kipimo chake baadhi ya wagonjwa walipofuka.

Mfumo wa Sese ulihamishiwa Bukoba, kisha Ziwa Tanganyika. Katika Usumbura na kusini zaidi katika Imbo madaktari wa Kijerumani waliwapapasa watu tezi za shingo, wakachoma sindano katika tezi zilizovimba ili kutoa majimaji ya kuchunguzwa kwa hadubini, wakawapeleka wagonjwa kambini, wakaamuru vichaka vifyekwe na baadhi ya makazi ya ufukweni yahamishwe. Wengi walikwepa kambi hizo, na waandishi wa kikoloni walilaumu jambo hilo kama ujinga. Mwanahistoria anayesoma taarifa hizohizo leo hana budi kuona busara katika ukwepaji huo, kwa kuwa watu waliona kwa macho yao kwamba dawa ilipofusha, kwamba waliopelekwa kambini mara nyingi hawakurudi, na kwamba kuhamishwa kutoka ufukweni kulimaanisha kupoteza samaki na mashamba ya mawese kwa wakati mmoja. Miili ya watu hao, ambao majina yao hayamo katika vitabu vya biokemia, ndiyo iliyotoa baadhi ya tripanosoma za kwanza zilizochunguzwa kwa makini katika eneo hili.

Hadubini ya wakati huo ilionyesha umbo tu: mwili mwembamba wenye urefu wa mikromita 20 hadi 30, utando unaopepea ubavuni, mkia kama mjeledi, kiini, na nukta ndogo iliyoiva rangi sana ambayo baadaye iliitwa kinetoplasti. Hata hivyo wazo la kuiona kemia ya kiumbe hai lilikuwa limekwisha kuzaliwa Ujerumani katika akili ya Paul Ehrlich. Mwaka 1885 Ehrlich alichapisha kitabu kuhusu uhitaji wa oksijeni mwilini, ambamo alieleza jinsi alivyowadunga wanyama hai rangi mbalimbali kisha akachunguza viungo vyao. Viungo vilivyotumia oksijeni kwa nguvu viliinyang'anya rangi oksijeni yake na kuifanya ififie kabisa, na vile visivyoihitaji sana vilibaki vimeiva. Kwa hiyo rangi haikuwa pambo la kurahisisha kuona umbo, ilikuwa kipimo cha tendo la kikemia kinachosomwa kwa macho, na kwa maana hiyo kazi ya Ehrlich inastahili kuhesabiwa kuwa mwanzo wa upigaji picha wa umetaboli.

Kutoka hapo Ehrlich alifikiri kwamba rangi inayoshika kimelea na kuacha mwili wa mgonjwa ingeweza kubeba sumu hadi kwa kimelea peke yake. Mwaka 1904, pamoja na Mjapani Kiyoshi Shiga, alionyesha kwamba rangi nyekundu waliyoiita nyekundu ya tripani huponya panya walioambukizwa aina moja ya tripanosoma. Kutokana na jamaa ya rangi hizo viwanda vya Bayer vilitengeneza dawa isiyo na rangi, suramini, ambayo ilianza kutumika miaka ya 1920 na inaendelea kutumika hadi leo kwa hatua ya kwanza ya malale ya aina ya mashariki. Kwa upande wa inzi, Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa na Koch huko Sese, alithibitisha mwaka 1909 kwenye Ziwa Viktoria kwamba kimelea hakibebwi tu mdomoni mwa mbung'o, bali hukaa ndani yake kwa wiki kadhaa kikibadilika umbo kabla ya kuweza kuambukiza tena. Naye Max Taute alifanya majaribio ya namna hiyo kwenye Ziwa Tanganyika kwa mbung'o wa nyika. Ugunduzi wa Kleine ulizua swali ambalo halikujibiwa kwa zaidi ya nusu karne: kiumbe kilekile kinawezaje kuishi katika damu yenye joto na sukari tele, kisha kikaishi katika tumbo la inzi ambamo sukari ni haba?

Kidokezo cha kwanza kilitoka kwa wapimaji. Kati ya vita viwili vikuu, wataalamu wa Ulaya walitumia manometa ya Otto Warburg, chombo cha kioo kinachopima oksijeni inayotumiwa na seli zilizofungiwa ndani yake kwa kufuata mabadiliko ya shinikizo la hewa, na wakakuta kwamba tripanosoma za damu ni walafi wa ajabu. Ndani ya saa chache hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, inayolingana na uzito wao mkavu. Na tofauti na seli za binadamu, ambazo huiunguza sukari hadi kuwa maji na hewa ya kaboni, wao huivunja nusu ya njia tu na kuitupa nje ikiwa piruvati, kitu ambacho bado kina nguvu nyingi. Jambo la pili lilishangaza zaidi. Sianidi, sumu inayozima upumuaji wa seli za wanyama mara moja, haikuzuia tripanosoma za damu kutumia oksijeni. Ilikuwa wazi kwamba upumuaji wao unapitia njia nyingine, na mwaka 1960 Waingereza P. T. Grant na J. R. Sargent walieleza mfumo wa vimeng'enya unaohusika, unaotumia oksijeni kuunguza kitu kinachotokana na sukari kiitwacho gliserofosfati. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kutumika.

Wapimaji walikuwa na namba, ila hawakuwa na mahali pa kuziweka. Mahali hapo palianza kuonekana baada ya hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll, kufika katika maabara za zuolojia. Hadubini ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya takriban mikromita 0.2, kwa sababu mawimbi ya mwanga ni marefu mno. Elektroni zina mawimbi mafupi zaidi kwa mbali, na kwa hiyo zinaonyesha hata utando wa ndani wa seli. Keith Vickerman wa Uingereza alipozikata tripanosoma vipande vyembamba na kuzitazama kwa chombo hicho, aliona kwamba mitokondria, yaani sehemu ya seli ambamo upumuaji hufanyika, hubadilika pamoja na maisha ya kimelea. Katika umbo jembamba la damu mitokondria ni mrija mmoja mwembamba usio na mikunjo ya ndani. Katika umbo la inzi hutanuka na kuwa wavu wenye mikunjo mingi. Mwaka 1962 alichapisha nadharia kwamba mabadiliko hayo ndiyo yanayokiwezesha kimelea kuhama kutoka kwenye damu kwenda kwa mbung'o.

Picha ya elektroni peke yake haikutosha kuthibitisha nadharia hiyo, kwa kuwa mrija mpana unaweza kuwa mtupu. Vickerman aliurudia, kwa njia mpya, ule mpango wa Ehrlich. Alitumia chumvi isiyo na rangi ambayo hugeuka kuwa punje za rangi iliyokolea pale tu kimeng'enya cha upumuaji kinapofanya kazi, na katika taarifa yake ya mwaka 1965 alionyesha kwamba punje hizo hazijitokezi katika mitokondria za umbo jembamba, ila hujitokeza katika umbo fupi na nene, lile ambalo huonekana katika damu kabla kimelea hakijanyonywa na inzi. Kimelea, kwa maneno mengine, huanza kuwasha upumuaji wake wa mitokondria kingali ndani ya mtu, kikijitayarishia safari. Katika tumbo la mbung'o kinakuta asidi amino iitwayo prolini, ambayo mbung'o mwenyewe huiunguza ili kupata nguvu za kuruka, na mitokondria zilizotanuka ndizo zinazoitumia. Hakuna kazi katika historia hii inayostahili kusomwa kwa uangalifu zaidi kuliko taarifa hizo mbili, kwa sababu umbo na kemia vilisomwa humo katika seli ileile.

Majaribio kama hayo yalihitaji vimelea visivyobadilika mwaka hadi mwaka, na hilo lilikuwa tatizo gumu kuliko linavyoonekana. Kwa miongo mingi njia kuu ya kutunza tripanosoma ilikuwa kuzihamisha kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, kama ilivyofanyika Tinde, katika Tanganyika, ambako tangu mwaka 1934 kimelea kilichotoka kwa mtu kilipitishwa kwa kondoo na swala kupitia mbung'o kwa miaka mingi, kikijaribiwa mara kwa mara kwa watu waliojitolea. Katika Tororo, mashariki mwa Uganda, kulikuwa na maabara ya shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi kama EATRO, na huko W. H. R. Lumsden na wenzake waliendeleza njia ya kugandisha tripanosoma katika mirija myembamba kwa baridi kali, kila kundi likipewa namba na historia yake, kisha kuziamsha zikiwa zilezile zilizolazwa. Utaratibu huo uliochapishwa mwaka 1963 uliwezesha damu iliyochukuliwa Afrika Mashariki kuchunguzwa London, Amsterdam au New York baada ya miaka, na maabara mbili zikajua kwamba zinazungumzia kiumbe kimoja. Kimelea ambacho vinasaba vyake vyote vilichapishwa mwaka 2005 kilitokana na hazina ya aina hiyo; kilitolewa katika mbung'o aliyekamatwa Kiboko, Kenya, mwaka 1970, na kikaorodheshwa kwa namba ya EATRO.

Katika miaka ya 1950 Wabelgiji, ambao waliitawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura baada ya kuiteka mwaka 1916, walikuwa wakiendeleza kwao njia ambayo ingeleta ugunduzi mkubwa zaidi kuhusu tripanosoma. Katika Chuo Kikuu cha Louvain, Christian de Duve alizivunja seli za ini kwa upole, akazungusha uji wake katika sentrifugi, yaani mashine inayozungusha kwa kasi hadi sehemu nzito zikazama kabla ya nyepesi, na akapima vimeng'enya vya kila tabaka. Mwaka 1955 alitangaza kuwepo kwa lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea chakula ndani ya seli, akiwa hajaviona hata kimoja. Alikuwa amevikisia kwa hesabu ya vimeng'enya tu. Mwaka huohuo Alex Novikoff alitoka Marekani, akachukua tabaka zilizotenganishwa na de Duve na kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni, na vifuko vilivyotabiriwa vikaonekana. Baadaye de Duve alivitambua vifuko vingine vya jamaa hiyo, akaviita peroksisomu, na mwaka 1974 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Ushirikiano wa de Duve na Novikoff uliwafundisha waliofuata kwamba tabaka la sentrifugi na picha ya elektroni havina budi kwenda pamoja, kwa kuwa la kwanza bila la pili ni dhana, na la pili bila la kwanza ni umbo lisilo na kazi.

Fred Opperdoes na Piet Borst, waliokuwa Amsterdam, walilitumia somo hilo kwa tripanosoma. Walizivunja tripanosoma za damu na kuzigawa kwa sentrifugi, wakitarajia kwamba vimeng'enya vya kuvunja sukari vingebaki vimeenea katika majimaji ya seli, kama ilivyo kwa binadamu, kwa hamira na kwa karibu kila kiumbe kilichokuwa kimechunguzwa. Haikuwa hivyo. Vimeng'enya tisa, saba vya hatua za mwanzo za kuvunja glukosi na viwili vinavyohusiana na gliseroli, vilizama pamoja katika tabaka moja, na tabaka hilo lilipotazamwa lilionekana limejaa vifuko vidogo vya duara vinavyofanana na peroksisomu. Vifuko hivyo walikuwa wakiviona wapiga picha kwa miaka mingi bila kujua vina kazi gani. Taarifa ya mwaka 1977 iliviita glikosomu. Opperdoes alihamia Brussels, katika taasisi aliyoianzisha de Duve, na kuendelea kuvichunguza kwa miongo iliyofuata.

Mwaka huohuo wa 1977 tukio lingine lilitokea Nairobi, nalo, kwa maoni ya mwandishi wa historia hii, limetajwa kidogo mno kuliko linavyostahili. Katika ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa Kenya mwaka 1973, Hiroyuki Hirumi na wenzake walifanikiwa kwa mara ya kwanza kukuza tripanosoma za umbo la damu nje ya mwili wa mnyama zikiwa bado zina uwezo wa kuambukiza. Hadi hapo kila aliyetaka kupima umetaboli wa umbo la damu alilazimika kumwambukiza panya, kumtoa damu na kutenganisha vimelea na chembe za damu, naye hakuwa na saa nyingi kabla havijafa. Mwaka 1989 Hirumi na mkewe Kazuko walichapisha mchanganyiko wa lishe uitwao HMI-9, ambao tripanosoma huogelea ndani yake bila kuhitaji seli nyingine pembeni. Mchanganyiko huo wa Nairobi, pamoja na marekebisho yake, ndio unaotumika katika maabara karibu zote duniani zinazokuza kimelea hicho, na picha za seli hai zitakazoelezwa hapa chini zisingewezekana bila kazi hiyo.

Kwa nini kimelea kifungie sukari yake katika vifuko? Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kwa ajili ya kasi, kwamba vimeng'enya vilivyobanana hupokezana kazi upesi zaidi. Mwaka 2000 Barbara Bakker na wenzake, kwa kutumia hesabu za kompyuta zilizojengwa juu ya vipimo halisi vya kila kimeng'enya, walitoa jibu jingine. Kuvunja sukari huanza kwa kutumia nguvu kabla ya kuizalisha, sawa na pampu ya maji ambayo lazima imwagiwe maji kidogo kabla haijaanza kuvuta; na vimeng'enya vya mwanzo vya tripanosoma havina breki iliyomo katika vile vya binadamu. Kama vingekuwa huru katika seli nzima, vingetumia nguvu iliyozalishwa mwishoni kuwasha sukari zaidi na zaidi, hadi mabaki ya katikati yajazane na kuiua seli. Ukuta wa glikosomu huzuia jambo hilo, kwa kuwa ndani yake nguvu inayotumika na inayozalishwa hulingana, na ziada hutokea nje tu. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba glikosomu ni udhaifu wa kimelea sawasawa na ilivyo ulinzi wake.

Udhaifu huo ulikuwa umeanza kutafutwa mapema. Mwaka 1976 Allen Clarkson na Frederick Brohn walionyesha kwamba tripanosoma hufa upesi zikipewa pamoja asidi inayozuia upumuaji wao usioathiriwa na sianidi na gliseroli inayoziba njia yao ya akiba, huku kila moja peke yake ikishindwa. Mchanganyiko huo haukuwa dawa ya binadamu kwa sababu viwango vilivyohitajika vilikuwa vikubwa mno, lakini ulithibitisha kwamba mlaji wa chakula cha aina moja anaweza kuuawa kwa kuzibiwa chakula hicho.

Hesabu ya glikosomu zenyewe ilipatikana mwaka 1991, pale Laurence Tetley na Vickerman, wakiwa Glasgow, walipotumia hadubini ya elektroni inayoweza kutofautisha elementi za kikemia kwa nguvu ambayo elektroni hupoteza zikipita katika sampuli, kisha wakajenga upya seli nzima kutoka katika vipande vyake. Walikadiria takriban glikosomu 65 katika seli moja ya umbo la damu. Lakini seli inayotazamwa kwa elektroni imekaushwa na kuuawa, na umetaboli ni jambo la seli hai. Picha ya elektroni inaonyesha mahali sukari inapovunjwa bila kuonyesha sukari ikivunjwa.

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ilipatikana kwa konyeza, yule mnyama laini wa baharini, mmoja wa jamaa yake akiwa na protini inayong'aa kijani akimulikwa. Waliofanya protini hiyo iwe zana ya seli, Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kinasaba chake kinaweza kuunganishwa na kinasaba cha kimeng'enya chochote, na kimelea chenyewe hujitengenezea taa mahali ambapo kimeng'enya hicho kinaishi. Ikiongezewa kipande kifupi cha asidi amino ambacho kwa tripanosoma ni anwani ya glikosomu, protini hiyo husafirishwa ndani ya glikosomu, na kile ambacho Opperdoes na Borst walikijua kwa kuzama kwa tabaka kikaonekana kama nukta za mwanga katika kiumbe kinachoogelea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Carolina Kusini, walikwenda hatua moja zaidi. Walitumia zana yenye protini mbili zinazong'aa kwa rangi tofauti, zilizounganishwa kwa protini ya tatu ambayo hushika glukosi na kubadilika umbo inapoishika. Umbali kati ya taa hizo mbili unapobadilika, kiasi cha nguvu ambacho taa ya kwanza huipa ya pili hubadilika pia, na rangi ya mng'ao husogea. Kwa hiyo rangi inakuwa kipimo cha sukari. Wakitumia anwani ileile, waliiweka zana hiyo katika glikosomu za tripanosoma hai, na wakaweza kufuatilia glukosi ikipanda na kushuka ndani ya kifuko kilicho karibu na mpaka wa uwezo wa hadubini ya mwanga. Rangi inayobadilika kwa kemia ya seli hai, aliyoitafuta Ehrlich katika viungo vya wanyama, sasa inasomwa katika sehemu moja ya seli moja.

Mwaka 2016 ulileta mambo mawili yaliyolazimisha historia ya sukari iandikwe upya. Watafiti wa Lisbon, wakiongozwa na Luísa Figueiredo, walitumia vimelea vinavyong'aa ili kutafuta mahali tripanosoma zinapokaa katika mwili wa panya, wakakuta kwamba nyingi sana zimo ndani ya mafuta ya mwili, nje ya damu. Zilipopewa asidi ya mafuta iliyowekewa alama ya kikemia, ilionekana kwamba tripanosoma zilizotoka humo huiunguza asidi hiyo, kazi ambayo zile za damu hazikujulikana kuifanya. Picha ilionyesha mahali, alama ikaonyesha chakula, na wazo lililodumu tangu enzi ya manometa, kwamba kimelea cha malale ndani ya mwili huishi kwa glukosi pekee, likabomoka.

Katika mwaka huohuo kikundi cha Glasgow kilieleza tripanosoma zinazokaa katika ngozi ya panya na kuweza kunyonywa na mbung'o hata pale zisipoonekana kwenye damu. Ili kujua kama jambo hilo hutokea kwa watu, walirudi kwenye vipande 1,121 vya ngozi vilivyohifadhiwa kutoka kwa watu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilivyokusanywa miaka ya nyuma kwa uchunguzi wa usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha. Katika vipande vya watu sita, ambao hawakuwa wametambuliwa kuwa na malale, tripanosoma zilionekana kati ya nyuzi za ngozi. Vipande hivyo vilikuwa vimelowekwa katika dawa na kugandishwa katika nta, utaratibu unaotunza umbo la seli huku ukiyeyusha mafuta na kuondoa sukari iliyokuwamo, na kwa sababu hiyo vinaonyesha mahali kimelea kilipokuwa katika ngozi za watu hao sita, bila kuonyesha kilikuwa kikila nini.